Kirukanjia na chura: safari yetu ya Jumamosi kutoka Kalundu hadi juu ya Mulongwe



Juma lililopita mtoto wa mmoja wetu, anayesoma mwaka wa sita wa shule ya msingi, alirudi nyumbani na swali katika kaye yake. Mwalimu aliwaambia wachague mnyama mdogo anayenyonyesha, wachague na mmoja wa jamii ya vyura, walinganishe makundi yao, kisha waseme kama wako hatarini au wako salama. Mtoto alimwuliza mama yake. Mama akamwuliza jirani. Jirani akalileta swali kwenye mkutano wetu wa Jumatano, baada ya kuhesabu michango. Tulicheka kwanza. Halafu tukanyamaza, maana hakuna aliyekuwa na jibu, na tulikuwa wamama zaidi ya 20 tuliozaliwa kati ya mlima na ziwa.

Basi tukakubaliana: Jumamosi tutembee na watoto, tuangalie wenyewe. Tunawaandikia hapa tuliyoyaona na tuliyojifunza, kwa faida ya wale waliobaki nyumbani.

Tulianzia Kalundu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya jua kukaza. Ziwa lilikuwa limetulia, na ng'ambo milima ya Burundi ilionekana kama imechorwa kwa makaa. Wavuvi walikuwa wanarudi na ndagala, na wamama wa soko walikuwa wamekwisha simama majini na mabeseni yao. Wenye kujua Kalundu ya zamani wanaona mara moja kilichobadilika. Maji yamepanda miaka hii, na pahali palipokuwa na baraza na miti ya maembe sasa pana mawimbi. Kuta za nyumba kadhaa zimesimama ndani ya maji bila paa. Watoto walitaka kuingia kucheza humo, tukawakataza.

Ndipo tulipomwona mnyama wetu wa kwanza. Katika dimbwi nyuma ya ukuta mmoja, viluwiluwi walikuwa wamejaa kama mbegu nyeusi za mchicha, na kando yao chura mmoja wa rangi ya udongo ametoa macho juu ya maji. Watoto wakapiga kelele, naye akazama. Mtoto mwenye kaye akaandika: “Namba moja, chura.” Mmoja wetu akasema kwamba usiku wa mvua vyura wa hapo humnyima usingizi. Mwingine akamjibu kwamba yeye huamka wakinyamaza, kwa sababu wakinyamaza ghafla ujue maji yanakuja au mtu anapita.

Tukafuata barabara kuelekea kaskazini, tukavuka Kalimabenge, tukafika Mulongwe. Tuliokuwepo hatukuhitaji kuambiana kitu kwenye daraja lile. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mvua kubwa ilinyesha juu ya milima, na Mulongwe ukashuka na mawe, miti na matope, ukachukua nyumba na watu. Makumi ya watu walikufa katika mji wetu, na maelfu ya familia walilala nje. Mmoja wa wanachama wetu alipoteza nyumba yake usiku ule, na vyombo vyote vya jikoni isipokuwa chungu kimoja alichokuwa amemwazima dada yake. Alisimama kidogo, akatazama mawe, kisha akawaambia watoto, “Twendeni, tupande.”

Tulipanda njia ya mashamba ya mihogo. Baada ya nusu saa mvulana mmoja aliyetangulia alituita. Njiani, katikati kabisa, palilala kimnyama kidogo kimekufa, kimebaki kizima bila kuliwa. Manyoya yake yalikuwa laini ya kijivu, macho madogo kama punje ya ulezi, na pua ndefu iliyochongoka ikipita mdomo.

“Kapanya!” wakasema watoto wote.

Bibi mmoja aliyekuwa na sisi akainama. “Hapana, wajukuu wangu. Huyu si panya. Mnusieni.” Wakamnusa, wakaruka nyuma wakishika pua. “Mnaona? Paka amemwua, akashindwa kumla kwa sababu ya harufu. Panya paka angemla hata mkia.”

Kiswahili cha vitabu humwita mnyama huyu kirukanjia. Wazee wanasema akijaribu kuvuka njia hufa katikati, na kwa sababu huonekana mara nyingi akiwa mfu njiani, maneno hayo yamepata nguvu. Sababu ni ile ya bibi: paka na wanyama wengine humwua, wakisikia harufu humwacha hapohapo, nasi njiani ndipo tunapopita na kumwona. Na tuseme lingine, maana gazeti hili ni la wamama: jina hilohilo watu wamelifanya tusi, humwita mwanamke “kirukanjia” wakitaka kumvunjia heshima. Mnyama mwenyewe hana kosa. Ni mama mwenye bidii. Watoto wa virukanjia wengi wakianza kutembea, wa kwanza huuma manyoya ya mama karibu na mkia, wa pili huuma ya wa kwanza, na hivyo hivyo, wakaenda mstari mmoja asipotee hata mmoja. Tulipowaeleza watoto hilo, wawili walishikana mashati wakaenda hivyo hadi chemchemi.

Kwenye chemchemi tulikaa chini ya mti, tukagawa mihogo ya kuchemsha na karanga, na mwalimu mmoja aliyestaafu, mwanachama wetu, akaanza kutusaidia na lile swali.

Alisema hivi. Makundi ya wanyama ni kama anwani. Ukitaka barua ikufikie, unaandika nchi, jimbo, mji, komine, kartie, avenyu, halafu parseli. Wataalamu wa wanyama nao wana hatua saba: ufalme, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, na mwisho spishi. Ukishuka kila hatua, majirani wanapungua, hadi unabaki na mwenye parseli peke yake.

Kirukanjia na chura wanaanza pamoja. Ufalme wao ni mmoja, wa wanyama. Faila yao ni moja, ya kodata, wale ambao wengi wao wana uti wa mgongo, na sisi wenyewe tumo. Hatua ya tatu wanaachana. Kirukanjia anaingia ngeli ya mamalia: ana manyoya, damu yake ina joto lake mwenyewe, na watoto wake wananyonya. Chura anaingia ngeli ya amfibia: ngozi yake ni tupu na yenye unyevu, joto la mwili wake hufuata joto la mahali alipo, na mtoto wake kwa kawaida huanza maisha majini kama samaki mdogo, kisha huota miguu.

“Sasa kwa nini si panya?” mtoto mwenye kaye akauliza. Mwalimu akamwambia atazame hatua ya nne, oda. Panya yuko katika oda ya wagugunaji, wenye meno ya mbele yanayokua maisha yote, ndiyo maana hutafuna milango yetu. Kirukanjia yuko katika oda nyingine iitwayo Eulipotyphla, pamoja na kalunguyeye. Chakula chake ni wadudu, minyoo na vitu kama hivyo. Yaani huyu tunayemfukuza kwa fagio tukidhani ni mwizi wa mahindi, mara nyingi amekuja kula mende. Na anakula karibu mchana na usiku, kwa sababu mwili mdogo hupoteza joto haraka na hauwezi kufunga kwa muda mrefu.

Chura naye, oda yake ni Anura, maana yake wasio na mkia. Chura mkubwa hupumua kwa mapafu, na pia kwa ngozi. Ngozi hiyo hupitisha maji na hewa, kwa hiyo hupitisha na sumu. Dawa ya shamba inayomwagwa juu ya kilima, sabuni inayooshwa mtoni, chura huvipokea kabla yetu. Mama mmoja akasema, “Basi yeye anaonja maji yetu mbele yetu.” Mwalimu akakubali.

Mpaka hapo watoto walikuwa wameridhika. Lakini swali lilikuwa na sehemu ya pili, ile ya hatari. Na kwa sehemu hiyo mwalimu alitugeuza uso, tuache kutazama ziwa, tutazame juu nyuma yetu, magharibi, pale milima inapoingia mawinguni.

Ile ni Itombwe. Ziwa letu liko kwenye mita karibu 773 juu ya bahari, na vilele vya kule vinapita mita 3,000. Juu kuna misitu ya baridi, mianzi, na majani mapana ya malisho. Tangu mwaka 2006 kuna hifadhi inayoitwa Hifadhi ya Asili ya Itombwe. Wengi wetu tuna ndugu huko. Tunajua viazi vyake, maziwa yake na jibini yake, na tunajua pia vita vyake na wakimbizi wake. Tusichojua ni kwamba huko kuna kirukanjia na chura ambao wataalamu hawajawapata mahali pengine popote duniani.

Tuanze na kirukanjia. Miaka zaidi ya 100 iliyopita Rudolf Grauer, mtu wa Austria, alipita katika milima hii akikusanya wanyama kwa ajili ya majumba ya makumbusho ya Ulaya. Jina lake mmelisikia: sokwe wakubwa wa Kivu, wale wa Kahuzi-Biega, huitwa sokwe wa Grauer. Kati ya vitu alivyochukua Itombwe kulikuwa na kirukanjia mmoja mwenye kichwa kikubwa. Alikaa kabatini miaka mingi, hadi mwaka 1986 mtaalamu Mjerumani, Rainer Hutterer, alipomchunguza akaona ni spishi ya peke yake. Akamwita Paracrocidura graueri. Familia yake ni Soricidae, ya virukanjia wote. Jenasi yake ina spishi tatu tu, zote za Afrika. Na huyu wa Itombwe anajulikana kwa mwili ule mmoja tu.

Sasa chura. Mwaka 1951 Raymond Laurent, Mbelgiji aliyefanya kazi miaka mingi kwetu Kongo, alimwandika chura mdogo wa nyasi za juu za Itombwe. Ni mdogo kuliko kifuniko cha chupa ya limonadi, na anang'aa. Jina alilompa linasema hivyo: Chrysobatrachus cupreonitens, yaani chura wa dhahabu mwenye mng'ao wa shaba. Familia yake ni Hyperoliidae, vyura wadogo wa matete na nyasi ambao wako wengi Afrika. Lakini katika jenasi yake yuko peke yake. Kwa mfano ule wa anwani, avenyu nzima ina parseli moja.

Baada ya miaka ya 1950 chura huyu hakuonekana tena na wataalamu kwa zaidi ya nusu karne. Walimpata tena Eli Greenbaum, kutoka Marekani, na Chifundera Kusamba, mtaalamu wetu Mkongomani wa kituo cha Lwiro, pamoja na wenzao. Mwaka 2012 walichapisha habari ya vyura wa Itombwe waliopatikana upya.

Mnaona tofauti yao. Wote wawili ni wa mlima mmoja, na wote wawili waliandikwa na wageni. Lakini mmoja ametafutwa akapatikana hai. Mwingine bado ni mwili mmoja katika kabati.

Dunia ina daftari la mambo haya, linaitwa Orodha Nyekundu, lililoanzishwa mwaka 1964 na umoja wa kimataifa wa uhifadhi wa asili. Kila spishi iliyochunguzwa hupewa daraja. Kuna wasio na wasiwasi mkubwa, kuna walio karibu na hatari, kuna walio hatarini kidogo, walio hatarini, walio hatarini kabisa, kuna waliokwisha porini ila wanabaki mikononi mwa watu, na kuna waliokwisha kabisa. Sokwe wa Grauer, kwa mfano, tangu 2016 yuko katika daraja la hatari kabisa.

Ndugu yake wa jina, kirukanjia wa Grauer, amepewa daraja jingine: taarifa hazitoshi. Mtoto mwenye kaye alifurahi. “Basi hana shida!” Mwalimu akamwuliza, “Mama yako akienda hospitali, daktari akasema hana vipimo, utaandika kwamba mama ni mzima?” Mtoto akafuta alichoandika.

Tulilikumbuka neno hilo siku nzima. Taarifa hazitoshi haina maana ya usalama. Ni mlango ambao hakuna aliyeubisha. Huenda virukanjia wale wako wengi chini ya majani ya msitu na hakuna aliyetega mtego. Huenda msitu waliokuwamo umekwisha. Chura wa dhahabu amevuka mlango huo, kwa sababu kuna watu walipanda wakamwangalia. Kwake swali limekuwa la namna nyingine: mwenye mlima mmoja tu, nyasi zake zikichomwa na kulimwa, atahamia wapi? Chura hawezi kushuka kwenye joto la Uvira akapanda tena upande wa pili.

Kwa ujumla, jamii ya vyura iko pabaya kuliko ya wanaonyonyesha. Hesabu ya dunia iliyotolewa mwaka 2023 ilionyesha kwamba karibu spishi 41 katika kila 100 za amfibia ziko katika madaraja ya hatari. Kwa mamalia ni karibu robo. Sababu ni ngozi ile tuliyoitaja, maji, ugonjwa wa kuvu, joto linalobadilika, na wengi wao kuwa na makao madogo sana.

Kuna mama aliyeuliza kama kweli chura anaweza kwisha tukiwa tunatazama. Tukampa mfano wa ng'ambo ya ziwa hili hili, Tanzania, kwenye milima ya Udzungwa. Huko kuna maporomoko ya mto Kihansi. Mwaka 1996 watu waligundua hapo chura mdogo wa manjano, ambaye hatagi mayai majini: huzaa watoto wakiwa tayari vyura wadogo. Makao yake yote yalikuwa sehemu yenye kulowa manyunyu ya maporomoko, kama hekta mbili hivi, yaani mashamba machache ya mihogo. Bwawa la umeme likajengwa, maji mengi yakageuzwa, manyunyu yakakauka. Mwaka 2000 karibu vyura 500 walichukuliwa kwenda kutunzwa Marekani. Miaka michache baadaye bondeni hakuonekana hata mmoja, na mwaka 2009 wakaandikwa katika daraja la waliokwisha porini. Watanzania walitengeneza mfumo wa kunyunyizia maji bondeni, wakawalea vyura Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuwarudisha Kihansi. Hata leo ni kazi ya kila siku.

Umeme ulihitajika, hatusemi watu wakae gizani. Tunasema kwamba chura yule alipata bahati kwa sababu alijulikana kabla ya maji kugeuzwa, ingawa ni miaka michache tu kabla. Kirukanjia wetu hana bahati hiyo bado.

Saa sita jua lilitupiga, tukaanza kushuka. Njiani tulipishana na vijana watatu na mama mmoja wamebeba magunia ya makala. Tukasalimiana, tukawapisha. Hakuna aliyewalaumu, maana magunia hayo yanakuja jikoni kwetu. Lakini mazungumzo yaliyofuata yalikuwa makali kidogo, na tunayaandika bila kuyapaka sukari.

Mmoja wetu, yule aliyepoteza nyumba mwaka 2020, alisema kilima kisicho na miti hakishiki maji, na kwamba mawe yaliyovunja ukuta wake yalitoka juu huku. Mwingine, anayeuza makala kwenye avenyu yake, alimjibu kwa upole lakini waziwazi: “Dada, minervali ya watoto wangu wawili imetoka kwenye gunia. Ukiniambia niache, niambie na nitakachouza kesho.” Yule wa kwanza hakukasirika. Alisema, “Mimi pia napikia makala. Ndiyo maana nasema.”

Hatukulimaliza pale. Jumatano hii tulilirudia mkutanoni, na tumeamua mambo matatu madogo. Kwanza, wanachama wanaojua kufinyanga majiko ya udongo yanayokula makala kidogo watafundisha wengine, kila Jumanne saa tisa, na muuza makala wetu amekubali kuyauza pamoja na magunia yake. Pili, dawa za shamba hatutazioshea vyombo vyake kwenye chemchemi wala mtoni. Tatu, chama kitapanda miti kando ya njia tuliyopita, na kila kikundi cha wamama kitasimamia sehemu yake hadi mti upite kimo cha mtoto wa miaka mitano, kwa sababu kupanda bila kulinda tumeshakufanya, na mbuzi wameshukuru.

Hayo hayatafika Itombwe. Tunajua. Lakini maji yanayotoka huko yanafika kwetu, na aliye chini ana haki ya kuuliza habari za juu. Basi tunawaomba ninyi mlio na ndugu huko: wakishuka, waulizeni. Wanamwitaje kirukanjia kwa lugha yao? Yule mwenye kichwa kikubwa wamemwona? Chura mdogo anayeng'aa bado yuko kwenye nyasi za ng'ombe? Majibu tuleteeni, tutayaandika kwa jina la kijiji na kuyapeleka kwa watafiti wa hapa kwetu. Taarifa ambazo hazitoshi zinaanza kutosha hivyo.

Mtoto mwenye kaye alipata 8 juu ya 10. Mwalimu wake alimkata mbili kwa maandishi mabaya. Mwishoni alikuwa ameandika hivi, nasi tumemwomba ruhusa tuyaweke hapa: “Chura wa Itombwe ameonekana. Kirukanjia wa Itombwe hajaonekana. Wote ni wa kwetu.”

Tuonane juma lijalo. Msisahau michango, na anayekuja Jumanne alete udongo wake.